Mwendo Kabla ya Rangi

Mama yangu alichuma chai miaka 32 katika mashamba ya kampuni upande wa Kericho, na shule zikifungwa nilifuatana naye. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu huwa bado umelalia majani. Unaona mistari mitatu ya chai mbele yako, basi. Mtu akitokea ng'ambo ya shamba huwa ni kivuli tu chenye kikapu mgongoni na aproni ya nailoni kiunoni. Lakini mama alimwamkia kwa jina kabla uso haujaonekana. "Chamgei, mama Chebet!" Na kweli akawa ni mama Chebet. Siku moja nikamuuliza anajuaje. Akanijibu bila kuacha kuchuma: "Si unaona anavyouvuta mguu wa kushoto? Na kikapu chake huinamia upande mmoja. Ni nani mwingine?"

Sikulitia maanani jibu hilo. Nililikumbuka nikiwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi Konoin, kaunti ya Bomet, siku nilipogundua kwamba nimempa ndege jina lisilo lake na kulitangaza.

Kamera niliinunua mwaka 2014, iliyokwisha kutumika, pamoja na lenzi ya milimita 300. Pesa zilitoka kwenye bonasi ya chai ya kishamba chetu. Mke wangu alitaka tangi la maji. Tukakubaliana tangi lingoje mwaka mmoja. Nikaanza na ndege wepesi. Chozi anayenyonya maua mbele ya nyumba humpiga picha hata mtoto, na korongo wa bwawani husimama kama askari wa gwaride. Waliokuja kuniteka moyo ni wengine kabisa: wale wadogo wanaotembea juu ya magome ya miti.

Nieleze kwanza ugumu wao. Chai yetu imepakana na msitu wa Mau Kusini-Magharibi, na ndani ya msitu ule hata saa sita mchana mwanga ni haba. Gome la mti ni la kahawia, kijivu na kijani kwa ukoga, na ndege amevaa rangi hizo hizo. Ukimkaribia, anazunguka shina na kukaa upande wa pili, nawe ukizunguka, naye anazunguka. Fokasi ya kamera hushika ukoga badala ya ndege. Akipanda juu zaidi, nyuma yake ni anga jeupe, na kamera hudanganywa na weupe ule ikakuletea ndege mweusi kama mkaa. Ilinibidi nijifunze kuongeza mwanga hatua moja au moja na nusu kuliko kamera inavyotaka, kutumia nukta moja tu ya fokasi na kuielekeza jichoni, na kukubali picha yenye chembechembe kwa kupandisha ISO hadi 3200, maana picha yenye chembe inasomeka na picha iliyotikisika haisomeki. Hayo ya mitambo niliyapata ndani ya mwaka. Yaliyobaki yalikuwa magumu zaidi.

Likizo ya Agosti mwaka 2016 nilikuwa nikipita ukingo wa mikaratusi, ile inayopandwa ili viwanda vipate kuni za kukaushia chai. Kwenye shina la mti mkavu niliona ndege mdogo wa kahawia, mwenye madoadoa, amejibana kwenye gome kichwa juu. Alinipa mgongo. Nilipiga picha tatu, akaruka.

Nyumbani niliketi na kitabu cha Stevenson na Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2002. Nilifunua kurasa za vigong'ota, sikumwona. Nikaendelea hadi nikamwona ndege mdogo wa kahawia mwenye madoadoa, amejibana kwenye gome kichwa juu: Salpornis salvadori, mtambaa-miti wa Afrika. Moyo ulinienda mbio. Ndege huyo nchini Kenya hujulikana kaskazini-magharibi, upande wa Kapenguria na mteremko wa Kongelai huko Pokot Magharibi, kwenye misitu mikavu ya miti iliyoachana. Kumpata kwenye nchi ya chai, yenye mvua karibu kila alasiri, ingekuwa habari kubwa. Nikamwingiza kwenye orodha yangu ya Kenya Bird Map, mradi ambao watu wa kawaida hujaza ndege waliowaona katika miraba ya takribani kilomita 9 kwa 9 nchi nzima. Nikawaonyesha walimu wenzangu picha, na wanafunzi wa darasa la saba nikawaambia mwalimu wao amevumbua kitu.

Baada ya siku chache nilipata ujumbe wa mtu aliyekagua orodha. Ulikuwa ujumbe wa heshima, na ulikuwa na maswali matatu. Mdomo wa ndege ulipinda? Mgongoni kulikuwa na madoa meupe yaliyotawanyika, au mfuo mmoja mweusi kutoka kichwani kwenda chini? Na la tatu: alipandaje?

La kwanza sikuweza kulijibu, kwa kuwa kichwa hakikuonekana vizuri. La pili lilinifanya nirudi kwenye picha, nikaikuza, na mfuo mweusi ulikuwapo, mnene, umenyooka toka utosini hadi katikati ya mgongo. Hata mkia ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwenye kitabu. Lakini lililonikata maini ni la tatu. Alipandaje? Sikujua. Nilikuwa nimemtazama kupitia kidirisha cha kamera, akili yote ikiwa kwenye ukali wa picha. Nilikuwa na picha tatu, kila moja ikiwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, na ndani ya muda mfupi hivyo hakuna ndege anayetembea. Sikuweza hata kuapa kwamba alipanda. Pengine alikuwa amekaa tu.

Nikaondoa rekodi. Darasani pia nilirudi, nikawaambia watoto mwalimu alikosea. Kijana mmoja aliniuliza, "Sasa ni ndege gani, mwalimu?" Nikamwambia nitakwenda kumtafuta.

Nilikwenda jioni tano mfululizo, na jioni hizo kamera niliiacha kwenye begi. Nilibeba darubini na daftari. Siku ya nne alikuja. Alitua chini kwenye njia ya trekta, akaanza kudonoa siafu kwa ulimi mrefu uliokuwa ukitoka na kurudi kama uzi. Aliponigeukia nikaona koo lake, lina rangi ya kutu, ya tofali lililochomwa vizuri. Kisha akaruka akatua kwenye tawi, akakaa kukatisha tawi, kama shomoro anavyokaa. Akaenda kwenye shina, akajibana pale nusu dakika, na hakupanda hata hatua moja. Ndipo nikamjua: Jynx ruficollis, mpinda-shingo mwenye koo jekundu. Yeye ni wa ukoo wa vigong'ota, ana vidole viwili mbele na viwili nyuma kama wao, ila mkia wake ni laini, hauwezi kumtegemeza, na mdomo wake hauna nguvu ya kuchonga mti. Huishi kwenye matundu yaliyochongwa na wengine.

Kwa nini aitwe mpinda-shingo, nilikuja kuelewa miezi michache baadaye. Mzee mmoja mlinzi wa shamba, anayenifahamu kwa kuzurura kwangu, aliniita. "Mwalimu, njoo uone. Kile kigogo cha ua kina nyoka. Nataka nikimwagie mafuta ya taa." Kilikuwa kigogo kikuukuu cha ua, kimeachwa pale tangu ua ulipohamishwa, kimefika kifuani, na juu kidogo ya katikati kulikuwa na tundu la upana wa sarafu kubwa. Tulisogea. Kutoka ndani ikaja sauti, "sssss", ndefu, ya nyoka kabisa. Mzee akarudi nyuma hatua tatu. Nikamulika kwa tochi ya simu kwa pembeni na kwa muda mfupi tu, nikaona shingo ya kahawia inajinyonga polepole, kichwa kinaelekea kushoto, kinarudi, kinazunguka karibu kutazama nyuma, na ule mfuo mweusi unajikunja pamoja na shingo kama ngozi ya kifutu. Halafu jicho. Jicho la duara, la ndege.

Nikamwambia mzee, "Baba, huyu ni ndege, ana mayai au watoto humo." Hakuamini. Tukaenda kukaa mbali, chini ya mkaratusi, robo saa nzima tukizungumza habari za mvua ya mawe, ambayo huku kwetu hupiga mara nyingi kuliko karibu mahali popote duniani. Kisha ndege wa pili akaja, mdomo umejaa siafu na mayai yao meupe, akaingia tunduni. Mzee akakifunga kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa, akaitia mfukoni. "Mungu ana akili," akasema.

Wagiriki wa zamani walimjua jamaa wa ndege huyu anayeishi Ulaya, na kwa ajili ya ile shingo walimfanya kifaa cha uganga wa mapenzi, wakimfunga kwenye gurudumu lizungushwe. Jina Jynx limetoka kwao. Nashukuru mzee wetu alikuwa na chupa tu, na akaifunga.

Tangu hapo nilibadili utaratibu. Nikimwona ndege kwenye shina, dakika mbili za kwanza ni za macho. Nauliza: anaanzia wapi, chini ya mti au juu? Anaruka-ruka au anatembea? Mkia umegusa gome au unaelea? Akitaka kushuka, anashukaje? Baada ya hapo ndipo nanyanyua kamera, na picha za kwanza huwa video ya sekunde kumi, hata kama mwanga ni mbaya. Video mbaya ya ndege anayepanda imenifaa mara nyingi kuliko picha kali ya ndege aliyeganda.

Ni kwa njia hiyo nilimpata kigong'ota wa msituni, yule ambaye vitabu humwita Campethera tullbergi. Watu hudhani kigong'ota lazima agonge. Huyu wa milimani ni mkimya mno. Hutembea kwa jozi kwenye miti mirefu, akipekua ukoga na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, akitoa wadudu bila kelele. Nilimpata kwa sababu vipande vya ukoga vilinidondokea kwenye daftari. Nikatazama juu: mgongo wa kijani usio na doa, tumbo la manjano hafifu lenye mistari myembamba sana, kisogo chekundu. Aliruka kwa miguu yote miwili pamoja, hatua fupi, na kila akitua mkia ulikita kwenye gome kama mguu wa tatu wa kigoda. Alipotaka kurudi chini kidogo, alirudi kinyumenyume, mkia ukitangulia, kichwa kikiwa juu vile vile. Utosi wake ulikuwa mweusi wenye nukta nyeupe, hivyo ni jike; dume wake, aliyekuwa tawi la pili, utosi mzima ni mwekundu. Rangi hizo niliziandika mwisho. Mkia nilikuwa nimeshauandika.

Nije kwa mama. Alipostaafu aliishi kwetu Konoin, na macho yalianza kumpungukia. Jumapili moja ya mwaka 2018, baada ya ibada, nilimpeleka Kimulot, pale chai ya wakulima inapokaribia msitu. Alikuwa na fimbo na chupa ya chai ya maziwa. Tuliketi kwenye gogo, tukitazama mti mkubwa wa tendwet ambao gome lake wagonjwa wengi wa huku wamelichemsha. Ndege mmoja alikuwa anazunguka kwenye tawi nene. Kwa macho yangu, kwenye kivuli kile, alikuwa kitu cheusi kinachotambaa juu ya gome.

"Kigong'ota yule, mama," nikasema.

Mama aliinamisha kichwa. Hakuwa na darubini, na nadhani rangi hakuziona kabisa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ameshuka kichwa chini. Kigong'ota gani anashuka hivyo?"

Nikatazama tena. Ni kweli. Ndege alikuwa anateremka kichwa chini, akapita chini ya tawi akiwa amepinduka tumbo juu, akatokea upande wa pili, akaingiza mdomo kwenye ukoga. Mkia haukugusa chochote. Nilinyanyua kamera alipofika kwenye mwanga: manjano kifuani, manjano mgongoni, mabawa na mkia mweusi, na kofia ya kahawia iliyoiva. Ploceus insignis, mnana kofia-kahawia, wa ukoo wa wale wanana wenye kelele wanaosuka viota kwenye mianzi ya mtoni. Wenzake hukusanyika kwa mamia na kula nafaka. Yeye ameamua kuishi msituni na mwenzi mmoja, akila wadudu wa kwenye magome, na amejifunza kazi ambayo Ulaya na Marekani hufanywa na ndege wa ukoo mwingine kabisa, wale wenye kushuka miti kichwa chini, ambao kusini mwa Sahara hawapo. Nafasi ile kwenye mti ilikuwa wazi, na mnana akaichukua.

Nilimwonyesha mama picha kwenye kioo cha kamera, nikaikuza. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Mzuri," akasema. Kisha akanirudishia, akamtazama yule wa mtini.

Mama alifariki mwaka 2021. Nikipanda Kimulot peke yangu hukaa kwenye gogo lile lile, ingawa sasa limeoza upande mmoja na mchwa wameshaanza.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema neno la mwisho, kuhusu miti iliyokufa. Nchi hii imepoteza msitu mwingi. Vijana hawajui kwamba chai ya Nyayo inayozunguka Mau ilipandwa kuanzia mwaka 1986 kwa nia ya kuwa ukuta, mtu asipite kwenda kufyeka. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau ziliondolewa kwenye hifadhi, na sehemu yetu ya Kusini-Magharibi ilikatwa vibaya. Hilo ni jambo la serikali na mahakama, na limezungumzwa sana. Lakini lipo dogo lililo mikononi mwetu wenyewe. Kwenye mashamba yetu ya ekari moja na nusu, mti ukikauka huhesabiwa kuni tangu siku hiyo. Nami nimefanya hivyo. Kuni ni ghali na mvua haisubiri. Kigong'ota huchonga tundu kwenye mti mkavu kwa sababu mti mbichi ni mgumu kwake, na akimaliza kulea hulihama. Nyuma yake huja mpinda-shingo, asiyeweza kuchonga, na wengine wengi wasioweza. Mti mkavu ukiondoka, wapangaji wote wanaondoka.

Kile kigogo cha mlinzi bado kipo. Mzee amestaafu, lakini alimwambia aliyechukua nafasi yake asikiguse, na yule naye ametii. Mwaka huu kimelika sana chini. Nimekifunga kwa waya kwenye nguzo mpya ya zege.

Wewe uliye Konoin, Bureti, Belgut au Ainamoi, ukiwa na mti mkavu kwenye kona ya shamba usioelekea kuangukia nyumba wala ng'ombe, uache usimame. Na kama ni lazima uukate, kabla ya kuinua shoka kaa mbali nao dakika kumi, mikono mitupu, ulitazame tundu.